Majina Tisa kwenye Karatasi

Uvira, mashariki mwa Kongo, mtu hujulikana kabla hajafungua mdomo. Ukisafiri kwa barabara ya taifa namba 5 kutoka Kamanyola, ukapita Luvungi, Sange na Kiliba mpaka Kavimvira, utakutana na vizuizi njiani, na kwenye vizuizi hivyo utaombwa kadi. Kwa wengi wetu kadi hiyo ni ile ya mpiga kura, maana kwa miaka mingi ndiyo imekuwa kitambulisho chetu. Aliyeipokea haanzi na picha. Anasoma jina, na jina linamwambia, au yeye anaamini limemwambia, kwamba wewe ni Mfuliiru, Mvira, Mbembe, Mushi, Mrundi au Munyamulenge. Akishajua hilo ndipo anapoamua akusemeshe kwa sauti gani.

Wazee wetu waliyaona ya majina kabla yetu. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliamuru raia waache majina ya ubatizo na kubaki na majina ya asili, na watu waliolala wakiitwa hivi wakaamka wakiitwa vile. Wengine walifurahi, wengine walinung'unika chinichini, lakini wote walijifunza jambo moja: jina unaloliona kuwa lako kabisa, mwenye nguvu anaweza kulifuta kwa tangazo la redio.

Nyumbani kwetu Kasenga kulikuwa na majina ya namna nyingine, ambayo hakuna serikali iliyoweza kuyagusa.

Mama alikuwa Mbahá'í, na alikuwa muuza ndagala. Alfajiri alishuka ufukoni Kalundu wavuvi wanaporudi na taa zao, akanunua, akaanika juu ya mchanga, akawa anazigeuza mpaka zikauke. Jioni alinawa mikono na uso, akaketi kwenye mkeka, akaanza kutaja Alláh-u-Abhá, yaani Mungu ndiye mwenye utukufu wote, mara 95. Ndivyo Bahá'u'lláh, mwanzilishi wa dini yetu, alivyoagiza katika Kitáb-i-Aqdas, kitabu cha sheria alichokikamilisha Akka mnamo 1873. Mama hakuwa na shanga za kuhesabia. Alitumia mkono wake mmoja: maungo 14 ya vidole na ncha 5, jumla 19, na akiuzunguka mkono mara tano hesabu imetimia. Mimi mtoto nilikaa karibu nikitazama kidole kikitoka ungo hadi ungo, na magamba madogo ya ndagala yakimetameta bado pembeni mwa kucha ingawa alikuwa amenawa.

Siku moja nilimuuliza kwa nini amwambie Mungu neno moja mara nyingi hivyo, je, Mungu husahau?

"Mungu hasahau, mwanangu," alinijibu. "Ninayesahau ni mimi. Kutwa nzima sokoni nimetajiwa bei."

Jina hilo lilisafiri mbali kufika Kasenga. Mwaka 1953 Enoch Olinga, Mteso wa Uganda, aliondoka Kampala kwa gari pamoja na Ali na Violette Nakhjavani, wakaikata Kongo ya Wabelgiji wakielekea Kameruni. Mwaka huohuo Mary na Rex Collison waliingia Ruanda-Urundi wakiwa na kijana Dunduzu Chisiza, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa viongozi wa mapambano ya uhuru wa Malawi. Ruanda-Urundi ilikuwa hapo tu, ng'ambo ya mto Ruzizi. Kutokana na safari za namna hiyo, na kutokana na wenyeji waliopeleka habari kwa miguu milimani na kwa mtumbwi ziwani, jumuiya za Kivu zilikua. Kati ya mikutano 41 ya kikanda ambayo Wabahá'í waliitwa kuifanya kuanzia mwisho wa 2008, mmoja ulifanyika hapahapa Uvira. Na tarehe 25 Machi 2023 Nyumba ya Ibada ya taifa ilifunguliwa Kinshasa. Nayataja haya upesi kwa sababu nisingependa msomaji adhani mama alikuwa na dini yake peke yake uani.

Kalenda yetu ndiyo iliyokuwa kitabu changu cha kwanza cha elimu ya Mungu. Aliianzisha Báb, mtangulizi wa Bahá'u'lláh, aliyetangaza ujumbe wake Shiraz mwaka 1844 na kupigwa risasi Tabriz mwaka 1850, akiwa na umri wa miaka 30. Mwaka una miezi 19, kila mwezi siku 19, na siku chache za ziada kabla ya mwezi wa mwisho, ambao ni wa mfungo. Kila mwezi umebeba sifa ya Mungu, na mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili hakuhitaji mkalimani kwa nyingi kati yake: Jalál, Jamál, Núr, Rahmat, Kamál, 'Izzat, 'Ilm, Qudrat, Sharaf, Sultán. Mwezi mpya ukiingia, kaya hukutana kwa Karamu ya Siku Kumi na Tisa. Kwanza sala na usomaji, kisha mashauriano juu ya mambo ya jumuiya, kisha chakula. Kwetu chakula kilikuwa chai na mihogo ya kuchemsha, na ndagala kama soko la mama lilikwenda vizuri.

Mwezi wa 9 katika hesabu hiyo unaitwa Asmá', Majina. Huanza karibu tarehe 20 Agosti, wakati vumbi la barabara ya Kiliba limefika ukomo wake. Mwezi wa 11 unaitwa Mashíyyat, Matakwa, na huanza karibu tarehe 27 Septemba, mvua za kwanza zinapoanza kupiga milima ya Mitumba. Utotoni niliyakariri kama mtoto yeyote akaririvyo. Ukubwani ndipo nilipoanza kujiuliza mtu anatokaje kwenye Majina mpaka afike kwenye Matakwa, na swali hilo ndilo ninaloliandikia hapa.

Bahá'u'lláh anafundisha kwamba dhati ya Mungu haifikiki. Akili haiendi huko, wala sala, wala ndoto ya mtawa. Tunapomwita Mwingi wa Rehema au Mwenye Nguvu hatujaeleza Yeye ni nani katika dhati yake. Tunataja jinsi alivyoufikia ulimwengu. Na ulimwengu wote umebeba alama za majina hayo, kila kiumbe kwa kiasi chake. Binadamu peke yake ndiye aliyepewa uwezo wa kuyabeba yote kwa pamoja: rehema, elimu, uadilifu, subira, ukarimu. Nilipolielewa fundisho hili nilishtuka, kwa sababu halibagui. Mlevi anayelala mbele ya duka amepewa. Mama ninayebishana naye bei ya nyanya amepewa. Yule kijana wa kizuizini, mwenye macho mekundu na bunduki iliyofungwa kwa kamba, naye amepewa, hata kama hakuna aliyewahi kumwambia.

Kwenye madarasa ya watoto, ambayo Wabahá'í huyafanya chini ya mwembe au barazani kwa mtu yeyote mwenye nafasi, fundisho hili huanza kwa sifa moja kwa kila somo. Leo ukweli, safari ijayo ukarimu. Nimefundisha madarasa hayo kwa miaka mingi. Watoto wanaokuja ni wa makanisa, wa msikitini, na wa nyumba zisizo na dini ya kudumu. Sijawahi kuona mtoto akishindwa kuelewa ukarimu. Nimeona watu wazima wakishindwa, na mara nyingi kilichowazuia ni jina jingine lililowajaa kichwani.

Maandiko ya Kibahá'í yanaonya waziwazi juu ya jambo hilo, nami naona tunalipitia haraka mno tunaposoma. Jina linaweza kuwa pazia. Katika Kitáb-i-Íqán, aliyoiandika Baghdad karibu mwaka 1862, Bahá'u'lláh anaonyesha jinsi watu wa kila zama walivyomngoja mwahidiwa kwa jina na dalili walizozizoea, na alipokuja kwa jina lingine wakamfukuza. Waliokuwa wakisoma habari zake kila siku ndio waliotangulia kumkana. Ndani ya nyumba yake mwenyewe aliliona hilo. Ndugu yake wa baba mmoja, Mírzá Yahyá, alijulikana kwa jina tukufu, Subh-i-Azal, Asubuhi ya Milele, na ndiye aliyekuja kuwa mpinzani wake mkali. Jina lilibaki na fahari yake yote, mwenye jina akaenda njia nyingine.

Sisi wa ufuko huu wa kaskazini wa ziwa tunajua pazia la jina linavyoweza kuua. Makobola, mwishoni mwa Desemba 1998 na kuingia mwaka mpya wa 1999. Kambi ya Gatumba, ng'ambo ya mpaka, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, ambako wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa. Mutarule, katika bonde la Ruzizi, mwezi wa 6 mwaka 2014. Waliokufa Makobola si kabila la waliokufa Gatumba, na wa Gatumba si kabila la wa Mutarule, na sitaki kupima kilio cha hawa kwa kilio cha wale. Ninachosema ni kwamba kila mara aliyeshika silaha alikuwa ameshamsoma mwenzake jina, akaona inatosha. Hakuona rehema, elimu wala subira iliyowekwa ndani ya yule mtu. Hakuona hata njaa yake.

Basi ni nani wa kutufunulia jina la kweli la mtu, kama sisi wenyewe tunasoma vibaya? Jibu la Kibahá'í ni ufunuo. Kwa kuwa Mungu hafikiki, ametuma kwa zamu wale tunaowaita Wadhihirishaji wake: Ibrahimu, Musa, Buddha, Yesu, Muhammad, Báb, Bahá'u'lláh, na wengine ambao majina yao hayakuandikwa. Kwao majina yote ya Mungu huonekana bila upungufu, nasi tunaona kwa macho rehema ni kitu gani inapotembea mjini, na uadilifu ni kitu gani unapofungwa minyororo.

Minyororo nasema kwa maana yake halisi. Mwaka 1852 Bahá'u'lláh alitupwa Siyáh-Chál, shimo la giza la Tehran, akakaa humo miezi minne na mnyororo mzito shingoni. Ni humo ufunuo ulimomjia. Baadaye, akimwandikia Mfalme Násiri'd-Dín Sháh wa Uajemi, alieleza kwamba alikuwa mtu kama watu wengine, amelala, upepo wa Mungu ukampitia na kumfundisha asiyoyajua, na kwamba jambo lile halikutoka kwake. Nimesoma maelezo hayo mara nyingi na kila mara nasimama palepale. Huyu ni mtu aliyekuwa na mali na cheo cha familia, na angeweza kunyamaza akaishi vizuri. Matakwa yake mwenyewe aliyaweka kando kabisa. Lakini wale aliowafikishia ujumbe hakuwaondolea matakwa yao. Mfalme alifikiwa na barua, akabaki na hiari ya kutenda atakavyo, na alichokitenda ni kumuua kijana aliyeileta, Badí', mwenye miaka 17.

Báb aliliweka jambo hili kwenye mzizi wake. Alifundisha kwamba kitu cha kwanza alichokiumba Mungu ni Matakwa, Mashíyyat, na kwa hayo vingine vyote vikawa. Na kwamba Matakwa hayohayo ndiyo yanayosema kwa kinywa cha kila Mtume. Wanazuoni wanaweza kulijadili fundisho hili usiku kucha. Mimi limenisaidia kwa namna moja kubwa. Limenizuia kuyatafuta mapenzi ya Mungu ndani ya kila risasi na kila homa iliyopita mtaani. Mapenzi ya Mungu yametufikia kama neno, na neno linasubiri kujibiwa. Risasi haisubiri jibu la mtu.

Hapo ndipo inapoingia hiari yetu, na hapo ndipo watu wa kwetu tunapokwama, maana tumezoea kusema Mungu amependa na kufunga mazungumzo.

Ujanani duara letu la mafunzo lilisoma mazungumzo ya 'Abdu'l-Bahá, mwana wa Bahá'u'lláh, aliyoyafanya mezani huko Akka kati ya 1904 na 1906 akijibu maswali ya Mmarekani Laura Clifford Barney. Yalichapishwa mwaka 1908. Sura ya 70 ni juu ya hiari. Anasema yako mambo tusiyo na uwezo nayo, kama usingizi, ugonjwa na kufa, na yako yaliyowekwa mikononi mwetu, kama kutenda haki au kudhulumu, wema au ubaya. Kisha analeta mfano wa merikebu. Inayoisukuma ni nguvu ya upepo au mvuke, si ya merikebu yenyewe. Lakini usukani ukigeuzwa mashariki, nguvu ileile itaipeleka mashariki, na ukigeuzwa magharibi itaipeleka magharibi.

Darasani niliukubali mfano huo kwa adabu. Niliuelewa majini. Tulikuwa tunakwenda Baraka kwa boti ya mbao, tumeondoka Kalundu usiku, tumekaa juu ya magunia ya sukari na katoni za sabuni. Ilikuwa kiangazi, miezi ile upepo wa kusini unapolisumbua ziwa. Tulipoipita Makobola moteri ikakohoa, ikazima. Kimya kile abiria wote walikisikia. Nahodha alishika usukani akaupindisha mpaka mwisho na boti haikumjibu hata kidogo. Ilianza kugeuka ubavu yenyewe, mawimbi yakigonga mbao, na pua ikielekea pole pole kwenye mawe ya ufuko. Usukani ulikuwa mzima, mkono wa nahodha ulikuwa mzima, lakini bila mwendo havikuwa na kazi.

Fundi alikuwa ameinama nyuma, tochi kwenye meno, akivuta petroli kwa mdomo kwenye mpira na kutema ziwani. Hatimaye akasema iko tayari. Nahodha akapaza sauti: "Ngoja! Usiiwashe. Kwanza nigeuze." Akauzungusha usukani upande wa pili, akaushikilia kwa mikono miwili na goti, halafu ndipo akasema, "Haya, washa." Moteri ikashika, boti ikatetemeka, na taratibu pua ikayaacha mawe ikaelekea maji makuu.

Wenzangu walikuwa wakimshukuru Mungu kwa ajili ya moteri. Mimi niliendelea kuifikiria ile amri ya kungoja. Nahodha alijua kwamba moteri haina habari na mawe. Ingewaka usukani ukiwa umekaa ulivyokaa, ingetupeleka kuvunjika kwa nguvu ileile iliyotufikisha Baraka. Tangu usiku ule nikisikia mtu anaomba Mungu ampe nguvu, akili, mali au cheo, moyoni naomba pia ajue amegeukia wapi kabla hajapewa. Pumzi anayopumua anayetesa watu imetoka kwa Mungu. Ufasaha wa anayechochea kabila moja dhidi ya lingine umetoka kwa Mungu. Majina yako ndani yao, Mwenye Nguvu, Mwenye Kauli. Mwelekeo ndio walioupotosha, na mwelekeo ulikuwa wao.

Usiku wa tarehe 16 Aprili 2020, na kuamkia tarehe 17, mvua ilinyesha Uvira kuliko nilivyowahi kuona. Mto Mulongwe ulibeba mawe makubwa kutoka milimani ukaingia nayo mitaani. Makumi ya watu walikufa, nyumba kwa maelfu zilibomoka au kujaa tope, mitambo ya maji ya Regideso iliharibiwa, na mji ambao kipindupindu hakikomi ukabaki bila maji ya bomba. Nchi ilikuwa tayari kwenye hali ya dharura ya Korona, makanisa na misikiti imefungwa. Katika kalenda yetu tulikuwa ndani ya mwezi wa Jalál.

Siku zile kila ulipopita ulisikia: kazi ya Mungu haina makosa. Nimeyasikia maneno hayo kwa mtu aliyempoteza mtoto, na kwake yeye nayaheshimu, maana kwenye matanga mtu hushika kile kitakachomshikilia. Mama yangu, mzee wakati huo, hakumsahihisha mtu. Alikwenda kwa jirani aliyefiwa, akakaa, akatuma wajukuu walete maji ya kuchemsha. Lakini nilipoyasikia maneno yaleyale kwa watu ambao kazi yao ilikuwa kupanga mji, kugawa viwanja na kutunza mito, sikuyakubali, na bado siyakubali.

'Abdu'l-Bahá anagawa kadari mara mbili. Iko isiyobadilika, ambayo kila kiumbe kitaifikia hata kikilindwa vipi, na iko yenye sharti, ambayo tahadhari huiondoa na uzembe huileta. Mvua ilikuwa ya Mungu. Miti ya Mitumba iliyogeuzwa makala hadi mlima ukabaki uchi ilikatwa na mapanga ya watu. Viwanja vilivyouzwa kwenye kingo za mto viliuzwa kwa karatasi zenye mihuri. Mitaro iliyozibwa kwa chupa na mifuko iliziba kidogo kidogo, kila siku tukiipita. Katika haya yote palikuwa na mtu aliyeweza kugeuza akaacha kugeuza. Kumwachia Mungu sehemu hiyo ni kumsingizia, na mtu anayelitukuza jina lake mara 95 kwa siku hapaswi kumsingizia.

Tarehe 20 Aprili, siku chache tu baada ya mafuriko, ilianza Ridván, sikukuu yetu kubwa, na siku ya kwanza ya Ridván ndiyo siku ambayo Wabahá'í kila mahali huchagua Baraza la Kiroho la Mahali. Hatuna mapadri wala masheikh. Watu tisa waliochaguliwa ndio wanaobeba shughuli za jumuiya kwa mwaka mmoja. Hakuna wagombea. Hakuna kampeni, wala kunong'onezana nani apigiwe. Kila mtu mzima huandika kwa siri majina tisa ya watu anaoona wanafaa, akiwa ameomba kwanza, na karatasi hukunjwa.

Mwaka ule niliiandika kura yangu kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la shule, nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki uani, miguu juu ya tofali kwa sababu tope lilikuwa bado bichi. Niliandika jina la kwanza, la pili, la tatu bila kusita. Nilipofika la nne niligundua mkono wangu unahesabu kitu ambacho sikuutuma uhesabu: wangapi wa kwetu, wangapi wa kwao. Mji wote ulikuwa umenifundisha kuhesabu hivyo tangu utoto. Nikaweka kalamu chini.

Shoghi Effendi, aliyeiongoza dini yetu kutoka 1921 hadi 1957, ametaja mambo ya kutazama kwa mtu unayemchagua: uaminifu usio na shaka, kujitoa bila kujitafutia, akili iliyozoezwa, uwezo unaojulikana na ukomavu. Nikaanza kuwatazama watu wangu upya, wale niliowaona juma lile. Nani aliingia kwenye maji ya Mulongwe kutoa watoto wa watu asiowajua? Nani alihesabu mahema na unga bila kubakiza mfuko hata mmoja kwake? Nani alisikiliza mpaka mwisho kabla ya kusema? Mmoja alikuwa mwanamke anayeshona nguo pembeni mwa soko, ambaye kwa kabila hatukuwa tumewahi hata kukaribishana chai. Mwingine kijana ambaye wazee hawakumzoea. Niliandika mpaka la tisa, nikaikunja karatasi.

Sijui kama kuna mahali pengine ambapo nimeyaelewa Majina na Matakwa kwa pamoja kama nilivyoyaelewa nikiwa na kalamu ile. Majina ya Mungu yalikuwa yameshaonekana kwa watu, wazi, kwenye tope, mchana kweupe. Bahá'u'lláh alikuwa ameshanifundisha yanavyofanana. Kilichobaki kilikuwa changu, na hakuna malaika ambaye angeniandikia.

Tangu mwaka ule mito imefurika tena, ziwa lenyewe limepanda na kula nyumba za ufukoni, na vita havijatuacha. Kwa hiyo sina muda wa kuandika kwa mafumbo. Nawaandikia wakuu wa mitaa, wachungaji, mapadri, maimamu, viongozi wa vijana na akina mama wa soko wa Uvira. Kabla mvua za Septemba hazijaanza, tuitane: watu wa Mulongwe na mto wao, wa Kalimabenge na mto wao, wa Kavimvira na mto wao. Tuketi tuamue kwa majina nani atazibua mtaro upi, kiwanja gani kwenye kingo kisiuzwe tena, na miti itapandwa juu ya mtaa gani kwanza. Asiulizwe mtu kadi mlangoni. Wabahá'í tutakuja, na majembe tutakuja nayo.